Je, Wajua? Nyonga Ikigoma, Uibadilishe Lini?

Kila mwaka zaidi ya watu milioni moja duniani huingia chumba cha upasuaji na nyonga waliyozaliwa nayo, wakatoka na nyingine ya chuma, plastiki au kauri. Kabla ya siku hiyo karibu wote hukesha na swali lilelile: nifanye sasa au nivumilie kidogo? Nimepekuapekua hapa na pale, na haya ndiyo niliyoshindwa kukaa nayo peke yangu.

Nyonga inauma, goti linasingiziwa

Mtu anaweza kuchua goti kwa mafuta mwaka mzima, akapigwa eksirei ya goti mara mbili, kumbe goti halina kosa lolote. Mishipa ya fahamu inayohudumia nyonga inahudumia pia eneo la goti, hivyo ubongo hupokea taarifa ya maumivu bila kujua vizuri imetoka wapi.

Na maumivu ya nyonga yenyewe hayakai pale wengi wanapodhania. Hukaa mbele, kwenye kinena, paja linapokutana na tumbo. Maumivu ya kiunoni kwa nyuma na matakoni mara nyingi hutoka kwenye uti wa mgongo. Mgonjwa wa nyonga akiulizwa panauma wapi, mara nyingi hapaonyeshi kwa kidole kimoja: huushika ubavu wa nyonga kwa kiganja kizima, gumba nyuma, vidole vinne mbele kuelekea kinenani. Madaktari wa mifupa wanaijua ishara hiyo tangu mlangoni. Kisha humlaza chali, humkunja goti na kulizungusha paja ligeukie ndani. Nyonga iliyolika hugoma hapohapo, na uso wa mgonjwa hujibu kabla ya mdomo. Kipimo hicho hakihitaji umeme wala risiti.

Eksirei inaweza kukudanganya pande zote mbili

Katika utafiti maarufu wa Framingham, huko Massachusetts, Marekani, kati ya kila nyonga 100 zilizouma mara kwa mara, kama 16 tu ndizo zilizoonyesha kulika kwenye picha. Ukigeuza upande wa pili, kati ya nyonga 100 zilizoonekana zimelika, kama 21 tu ndizo zilizokuwa zikiuma mara kwa mara.

Kwa maneno mengine, kuna mtu mwenye picha ya kutisha anayepanda ngazi akipiga mluzi, na kuna mwenye picha ya wastani asiyelala usiku. Ndiyo maana daktari makini haifanyii upasuaji picha, humfanyia mtu. Akikuambia "mfupa umeisha, njoo Jumatatu" bila kukuuliza unaishije, muulize yeye maswali.

Kuna mtihani wa nyonga, na una maswali 12

Mwaka 1996 watafiti wa Oxford, Uingereza, walichapisha orodha ya maswali 12 ambayo hadi leo hutumika nchi nyingi kupima hali ya nyonga. Alama ni kuanzia 0 hadi 48, na 48 ndiyo nyonga isiyo na matatizo. Unaulizwa kama unaweza kujiosha na kujikausha, kupanda gari au usafiri wa umma, kuvaa soksi, kwenda sokoni peke yako, kupanda ngazi, kuinuka kwenye kiti baada ya kula. Unaulizwa unatembea muda gani kabla maumivu hayajakukamata, na kama yanakuamsha usiku.

Soksi sina hakika zingewahusu watu wengi wa Tanga mwezi wa Februari, lakini daladala inamhusu kila mtu: kupandisha mguu kwenye ngazi ya kwanza huku kondakta ameshagonga bati ni mtihani tosha. Kinachonifurahisha zaidi ni kile ambacho hakimo. Hakuna swali hata moja linalouliza umri wako.

Miguu yako hubeba zaidi ya uzito wako

Huko Berlin, timu ya mhandisi Georg Bergmann iliweka vipima-nguvu ndani ya nyonga bandia za wagonjwa waliojitolea, vikawa vinatuma taarifa nje ya mwili bila waya. Ikaonekana kwamba ukitembea kawaida, nyonga hubeba karibu mara mbili na nusu ya uzito wako kwa kila hatua. Ukijikwaa, zaidi ya mara nane. Mtu wa kilo 70 akijikwaa kwenye kizingiti, kwa sekunde ile nyonga yake inabeba kilo 560 na ushee, sawa na mifuko 11 ya saruji.

Hapo ndipo kilo tano za mwili zilizopungua zinapoonyesha thamani yake, maana nyonga hupunguziwa zaidi ya hizo tano. Na hapo ndipo fimbo inapoheshimika, ila wengi huishika vibaya. Nyonga ya kulia ikiuma, fimbo ishikwe mkono wa kushoto. Ukiishika upande uleule unaouma, unaegemea tu. Ukiishika upande wa pili, unaipunguzia kazi misuli inayoikandamiza nyonga mbovu.

Nyonga za kwanza zilitengenezwa kwa pembe za ndovu

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, daktari Themistocles Gluck wa Berlin alikuwa akichonga viungo bandia kutoka pembe za ndovu na kuwawekea wagonjwa, wengi wao wakiwa na kifua kikuu kilichoshambulia mifupa. Wazo lilikuwa zuri kuliko zama zake, lakini ugonjwa uliokuwa ndani ya viungo uliharibu kazi na vingi vilishindwa. Miaka hiyohiyo Unguja ndiyo iliyokuwa soko kuu la pembe za ndovu Afrika Mashariki, na kule zilikouzwa ziligeuka vifunguo vya piano, mipira ya biliadi, mipini ya visu. Kumbe hata nyonga.

Kisha wakajaribu kibofu cha nguruwe, kisha kioo

Mwaka 1918 William Baer wa Baltimore, Marekani, alieleza jinsi alivyotandika utando wa kibofu cha nguruwe katikati ya mifupa iliyokuwa ikisagana. Mwaka 1923 Marius Smith-Petersen wa Boston akaja na kikombe cha kioo cha kufunika kichwa cha fupa la paja. Kilikuwa laini kabisa, na mwendo ulikuwa mzuri, hadi kilipopasuka.

Mke aliyekimbia meza kwa sababu ya nyonga ya mumewe

Hapa nitakaa kidogo, maana mtu huyu anastahili. John Charnley alikuwa daktari wa mifupa Uingereza, na miaka ya 1950 alikutana na mgonjwa mwenye nyonga ya plastiki ngumu ya aina iliyobuniwa na ndugu wawili wa Paris, akina Judet. Ilikuwa ikilia. Kila bwana yule alipojinyoosha mezani, ilitoa mlio ambao mkewe alishindwa kuuvumilia, akawa anaondoka chumbani. Wengine wangecheka wakapita. Charnley akajiuliza: kwa nini inalia? Jibu lilikuwa msuguano, na msuguano maana yake nyonga ile itang'oka siku si nyingi.

Akaanza kutafuta kitu kinachoteleza. Akaipata Tefloni, ileile iliyo kwenye vikaango visivyogandisha mayai. Wagonjwa kama 300 wakawekewa, wakainuka wakatembea, furaha tele. Ndani ya miaka michache Tefloni ikaanza kulika na kumwaga unga uliochokoza mwili, na Charnley akalazimika kuwarudisha kwenye meza ya upasuaji. Ili aelewe kilichotokea, alijipandikiza vipande vya Tefloni katika paja lake mwenyewe. Paja likavimba.

Mwaka 1962 akatokea mchuuzi mmoja akiuza plastiki mpya iliyokuwa ikitumika kwenye mitambo ya viwanda vya nguo vya Lancashire. Charnley aliikwaruza kwa ukucha, hakuvutiwa. Fundi wake, Harry Craven, hakuitupa. Bosi aliposafiri kwenda Copenhagen, Craven aliiweka kwenye mashine ya kupima msuguano. Charnley aliporudi alikuta mashine imezunguka usiku na mchana kwa wiki tatu, na plastiki ile haijalika hata kiasi ambacho Tefloni ingelika kwa siku moja. Plastiki hiyo nayo aliipandikiza katika paja lake. Paja likatulia. Novemba 1962, katika hospitali ya Wrightington, nyonga ya kwanza ya aina hiyo ikawekwa, na hadi leo nyonga nyingi zinazowekwa duniani ni wajukuu wa ile.

Charnley alipewa heshima ya "Sir" mwaka 1977. Kwangu mimi Craven naye alistahili kitu.

Mtoto aliyezaliwa mwezi uleule

Novemba hiyohiyo ya 1962, huko Alabama, Marekani, alizaliwa mtoto aliyekuja kujulikana kama Bo Jackson, mmoja wa wanamichezo wachache sana waliotamba kwa wakati mmoja katika besiboli na kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1991 aliumia uwanjani, damu ikaacha kufika kwenye kichwa cha fupa la paja, mfupa ukafa. Mwaka 1992, akiwa na miaka 29, akawekewa nyonga bandia. Aprili 1993 akarudi uwanjani na timu ya Chicago White Sox, akapewa gongo kwa mara ya kwanza, akaupiga mpira ukavuka uzio.

Kwa upande mwingine, mama yake Malkia Elizabeth wa Pili alibadilishiwa nyonga moja mwaka 1995 akiwa na miaka 95, na ya pili mwaka 1998 baada ya kuanguka, akiwa na 97. Akaishi hadi 101. Ukiambiwa "wewe bado mdogo" au "wewe umeshazeeka", kumbuka pengo hilo. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2022 unasema wazi kwamba umri, uzito, jinsia au uvutaji sigara peke yake visitumike kumnyima mtu rufaa ya upasuaji huu.

Kuharakisha kuna bei yake

Takwimu zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba kati ya nyonga bandia 100, karibu 89 zinafika miaka 15, 70 zinafika 20, na 58 zinafika 25. Kwa kitu kinachokanyagwa kila siku, hiyo si haba. Gari gani la mtaani kwenu linafika huko bila kubadilishwa injini?

Ila hesabu inategemea umeanza lini. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2017, ulikuta kwamba aliyewekewa baada ya miaka 70 ana nafasi kama 5 kwa 100 ya kurudiwa maishani mwake, wakati mwanamume aliyewekewa mwanzoni mwa hamsini zake nafasi inafika 35 kwa 100. Na kurudia si sawa na kuanza: mfupa umepungua, makovu yapo, muda mezani unarefuka.

Kuchelewa nako kuna bei, tena kubwa

Hapa ndipo sisi watu wa "nitavumilia tu" tunapoumia. Watafiti waliofuatilia wagonjwa wa Boston na Montreal waligundua kwamba walioingia kwenye upasuaji wakiwa wamechakaa zaidi hawakuwafikia wenzao hata baada ya miaka miwili. Nyonga mpya walipata, lakini misuli ilikuwa imesinyaa na mwendo wa kuchechemea umezoeleka, na upasuaji hauvirudishi hivyo kwa siku moja.

Kuna na hili, ambalo lilinifanya niweke kikombe cha chai chini. Mwaka 2019 watafiti wa Edinburgh, Uskoti, walichukua majibu ya dodoso la kawaida la afya kutoka kwa watu waliokuwa kwenye foleni ya kubadilishiwa nyonga. Asilimia 19 walikuwa na maisha ambayo kipimo hicho kinayahesabu kuwa mabaya kuliko kufa. Karibu mmoja kati ya watano, na ugonjwa wenyewe si wa moyo wala saratani.

Ilichukua zaidi ya miaka 60 kuushindanisha upasuaji na mazoezi

Tangu 1962 mamilioni ya watu wamewekewa nyonga, lakini ni mwaka 2024 tu ndipo matokeo ya jaribio kutoka Denmark, lililowapanga watu kwa kura kati ya upasuaji na mazoezi ya kujenga misuli, yalipochapishwa. Wagonjwa walikuwa 109, wote wa miaka 50 na kuendelea, wenye nyonga zilizolika vibaya. Baada ya miezi sita, waliopasuliwa walipanda karibu alama 16 kwenye mtihani ule wa Oxford. Wa mazoezi walipanda 4 na nusu.

Upasuaji ukashinda kwa mbali. Lakini tazama upande wa pili: katika kundi la mazoezi, ni mmoja tu kati ya watano aliyehamia kwenye upasuaji katika miezi hiyo sita. Wengine waliona wanaweza kusogeza siku mbele. Kwa hiyo mazoezi yajaribiwe kwa dhati kwanza, na yasipotosha mtu asione haya kwenda hatua ya pili.

Kwetu, mgonjwa wa nyonga anaweza kuwa na miaka 25

Ulaya, mgonjwa wa kawaida ni mzee ambaye gegedu lake, ile tishu laini inayofunika ncha za mifupa, limelika polepole. Waafrika ugonjwa huo wa nyonga huwapata kwa uchache zaidi. Huku kwetu visababishi vingine huonekana sana: kuvunjika kulikotibiwa vibaya, kifua kikuu cha mifupa, na mfupa kufa kwa kukosa damu. Selimundu ni kimojawapo cha visababishi vikubwa vya hilo la mwisho, na Tanzania peke yake huzaliwa watoto kama 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Pombe nyingi na matumizi ya muda mrefu ya dawa za steroidi huleta madhara yaleyale.

Malawi iliwahi kutuonyesha njia: mwaka 2005 ilianzisha rejista ya taifa ya viungo bandia, kila nyonga ikiandikwa. Upasuaji wenyewe hauhitaji tena tiketi ya India. Unafanyika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) Dar es Salaam, KCMC Moshi, Kijabe na Kikuyu nchini Kenya, miongoni mwa kwingine.

Mbuzi ya nazi ni hatari kuliko ngazi

Wiki za kwanza baada ya upasuaji, hofu kubwa ni nyonga mpya kuchomoka. Madaktari wengi, hasa wanaopitia upande wa nyuma, huagiza usikunje nyonga kupita pembe mraba, usipishanishe miguu, usiinamie chini. Sasa jaribu kupima maisha ya Mswahili kwa sheria hiyo. Kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi: magoti yako juu ya kiuno, hapana. Choo cha kuchuchumaa: hapana. Kula mkekani, miguu imekunjwa: hapana. Kufua kwenye beseni: hapana. Kusujudu na kukaa tahiyatu: uswalie kwenye kiti hadi daktari akuruhusu.

Kwa hiyo wakati mzuri wa upasuaji unategemea na nyumba. Kama hakuna choo cha kukalia, tafuta kiti cha choo cha kubebeka kabla ya tarehe. Pandisha kitanda. Mtafute wa kukuna nazi kwa miezi miwili au mitatu.

Jino bovu linaweza kuahirisha nyonga

Bakteria wa kwenye jino lenye usaha, kidonda cha mguu au njia ya mkojo wanaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye chuma kipya, na wakishajenga huko, dawa huwafikia kwa shida. Huenda nyonga ikabidi itolewe. Katika hospitali nzuri maambukizi huwa kama mgonjwa mmoja kwa mia, na wanataka yabaki hapo, ndiyo maana watakutuma kwa daktari wa meno na kukupima sukari. Sindano ya steroidi kwenye nyonga nayo ina kalenda yake: ukichomwa ndani ya miezi mitatu kabla ya upasuaji, hatari ya maambukizi hupanda. Kama umechomwa hivi karibuni, sema.

Nyonga bandia ina namba, na namba hiyo ni yako

Mwaka 2010 kampuni moja kubwa iliondoa sokoni aina yake ya nyonga za chuma kwa chuma, zilizokuwa zimeshawekwa kwa watu kama 93,000 duniani. Zilikuwa zikimomonyoka na kumwaga vumbi la metali ndani ya mwili. Wenye kumbukumbu ya aina waliyowekewa waliweza kujua haraka kama wanahusika au hawahusiki.

Kila nyonga hutoka kiwandani na stika zenye jina, saizi na namba ya toleo, na nakala hubandikwa kwenye faili siku ya upasuaji. Faili hupotea. Siku ya kuruhusiwa, kabla hujashika magongo yako, omba nakala ya stika hizo au uzipige picha kwa simu, na umpe mtu mwingine nyumbani aihifadhi pia.